Tukulipe kwa Kusoma?

Ankara yangu ilikuwa na mistari mitatu: kusoma programu ya kompyuta, siku 8, kurekebisha, nusu siku, kujaribu, siku moja na nusu. Niliipeleka kwenye kikao cha bodi ya chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, katika wilaya mojawapo ya mkoa wetu wa Tabora, nikakaa nje kwenye benchi chini ya mwembe nikingoja kuitwa. Nilipoingia, mjumbe mmoja alikuwa ameishika ile karatasi kwa vidole viwili, kama mteuzi, mpanga madaraja wa sokoni, aliyechomoa jani lenye ukungu kwenye mtumba wa tumbaku.

"Fundi," akasema, "hizi siku nane za kusoma. Kwani shuleni hukusoma?"

Kikao kizima kikaangua kicheko. Na mimi nikacheka, ningefanyaje? Lakini tangu siku ile nimekuwa nikilitafuna swali la mjumbe yule, maana lina haki yake. Anayelipia jembe anaondoka na jembe. Anayelipia kusoma anaondoka na nini?

Niseme mapema ninakoelekea. Programu nyingi zinazoendesha vyama, saccos na maduka ya jumla ya mikoa yetu zinazikwa zingali hai, kwa sababu hakuna aliye tayari kumlipa mtu azisome. Fundi mpya anafungua mafaili, anatikisa kichwa, anatamka kwamba hii ni takataka tuanze upya, na bodi inamwamini, kwa kuwa kuanza upya kunaonekana kazi ya mwanamume. Kusoma kunaonekana uvivu.

Kisa chenyewe ni hiki. Chama kilikuwa na programu iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Java, yenye klasi 212 (klasi ni kiolezo cha aina moja ya kitu ndani ya programu), kazi ya kijana ambaye baadaye alihamia Dar es Salaam na sasa hapatikani. Kazi yake ni ya siku ya soko. Mtumba wa tumbaku unapimwa, mteuzi anatamka daraja, bei inawekwa kwa dola, inageuzwa kuwa shilingi, halafu yanakuja makato: deni la pembejeo, ushuru wa chama kwa kila kilo, na vingine vidogo vidogo ambavyo mkulima anavijua kuliko mhasibu. Malalamiko yalikuwa kwamba baadhi ya wakulima wanakatwa ushuru mara mbili kwa kilo zilezile. Si wote. Ni wale tu ambao mtumba wao ulishauzwa, ukafika bohari ukaonekana una ukungu au unyevu, ukarudishwa, wakauchambua na kuuleta tena soko lililofuata.

Mafundi wawili waliopita kabla yangu walishatoa ushauri wao. Mmoja aliacha hata makadirio ya gharama za programu mpya, yamepigwa chapa vizuri, yana jalada.

Kazi niliyoifanya mimi ina majina kadhaa. Wasomi wanaiita uhandisi kinyume, jina linalotia shaka kidogo, kana kwamba fundi anarudisha saa nyuma. Vijana wa mjini wanasema "kusoma kodi", kutoka "code" ya Kiingereza, na hapa Tabora mtu akikusikia ukisema hivyo anadhani umetumwa na mamlaka ya mapato au na mwenye nyumba. Mimi nasema kuchimbua. Mwaka 1990, huko Marekani, Elliot Chikofsky na James Cross waliandika makala fupi ya kupanga istilahi za fani hii, na mpango wao bado ndio unaotumika. Kuchimbua, kwa maelezo yao, ni kuuchunguza mfumo uliopo, kutambua sehemu zake na jinsi zinavyohusiana, kisha kuuonyesha kwa sura nyingine, au kutoka ngazi ya juu zaidi. Hakuna kinachobadilishwa. Ukishaanza kubadilisha, hiyo ni kazi nyingine na ina jina lake.

Ndani ya makala hiyo kuna tofauti ambayo watu wengi huiruka. Kuna kuziandika upya nyaraka zilizopotea, na kuna kuirejesha fikra ya aliyesanifu. La kwanza unaweza kulifanya ukiwa umejifungia chumbani na msimbo, yaani maandishi ya programu, peke yake. La pili linahitaji ujuzi wa shughuli yenyewe, kukisia kwa akili, na habari ambazo msimbo haunazo. Mimi nilikuwa nimeisoma tofauti hiyo zamani, nikaielewa kama mtu anavyoelewa jambo la mtihani.

Siku ya kwanza nilifanya kile ambacho kila mmoja wetu hufanya. Nilichukua zana ya kuchora, nikaielekeza kwenye mafaili, nikaiambia ichore. Ikachora. Mchoro wa klasi, masanduku na mishale kwa alama zile za UML, lugha ya kuchorea programu, zilizofanywa kiwango rasmi mwaka 1997, klasi 212 zote kwa mpigo. Nilichapisha kurasa kumi na sita, nikaziunganisha kwa selotepu, nikazibandika ukutani ofisini kwao. Karani wa chama akasimama mbele yake kwa heshima. Ilipendeza kweli. Haikunisaidia chochote.

Nimeanza kuamini kwamba michoro ya namna hii ni anasa. Mchoro wa kila kitu ni sawa na kumwomba mtu akuelekeze nyumba ya fulani akakupa orodha ya nyumba zote za Tabora. Kuchimbua kunaanza na swali: huu ushuru wa pili unakatwa na nani, wapi, kwa amri ya nani? Ukishakuwa na swali, mchoro wa masanduku matano unatosha, na unaweza kuuchora kwa kalamu nyuma ya bahasha.

Lakini kwa programu zilizojengwa kwa vitu, hata ukiwa na swali zuri unakutana na ugumu wa aina yake. Mtindo huu ulizaliwa Norway miaka ya 1960, kwa Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard na lugha yao ya Simula, ukasambaa baadaye kwa lugha ya C++, na Java ilipotoka mwaka 1995 ukawa ndio mkate wa kila siku. Ahadi yake ni tamu. Kila kitu kinabeba data zake na kazi zake, mtoto anarithi kwa mzazi, na ukitaka aina mpya ya mtumba huandiki upya, unaongeza mtoto mmoja tu na kumwelekeza anapotofautiana na mzazi wake. Ni kweli inarahisisha kuandika. Msomaji ndiye anayelipa. Mwaka 1992 Norman Wilde na Ross Huitt walishaeleza kwamba katika programu hizi kazi moja hutawanyika katika metodi (vifungu vya amri) nyingi fupi fupi, na kwamba ukisoma mstari unaoita metodi huwezi kujua ni metodi ya klasi gani itakayojibu mpaka programu iwe inakimbia.

Nitumie mfano wa hapa kwetu. Chukua ramani ya reli ya kati. Treni inatoka Dar es Salaam, inafika Tabora, na hapa njia zinaachana: moja ya Mwanza, moja ya Kigoma, na ukifika Kaliua kuna tawi la Mpanda. Ramani haidanganyi. Sasa mwonyeshe mtu ramani hiyo, umuulize treni iliyosimama stesheni wakati huu inakwenda wapi. Atakwambia inaweza kwenda Mwanza, inaweza kwenda Kigoma, inaweza kwenda Mpanda. Akitaka kukujibu sawasawa itabidi atoke aende stesheni, asome kibao cha behewa au amuulize mama aliyekalia mzigo wake. Zana za kuchora zinazosoma msimbo bila kuukimbiza ni mtu huyo mwenye ramani. Zile makini zaidi hukutajia njia zote zinazowezekana, na hapo ndipo zinapoishia, wala si kosa lao.

Programu ya chama ilikuwa na klasi `Mtumba`. Chini yake `MtumbaWaMvuke` na `MtumbaWaHewa`, kwa aina mbili za tumbaku. (Kijana aliyeiandika alitaja vitu vyake kwa Kiswahili, Mungu ambariki popote alipo.) Chini ya `MtumbaWaMvuke` kulikuwa na mjukuu, `MtumbaUliorudi`. Metodi yake ya `kokotoaMakato` ilikuwa na mistari mitatu tu, na wa kwanza unasema: muulize mzazi. Ukipanda kwa mzazi, naye anasema muulize babu. Ukipanda kwa babu unakuta hesabu, lakini katikati ya hesabu babu anauliza `kiwangoChaUshuru`, na anayelijibu swali hilo ni mjukuu, kule chini ulikotoka. Unateremka tena. Wataalamu waliliita tatizo hili yoyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa kile kichezeo cha kamba. Mimi nilikumbuka ndoo ya kisimani: unavuta, unashusha, unavuta, na mikono inauma kabla hujapata maji ya kunawa uso.

Kilichonitisha zaidi kilikuwa kingine. Zana yangu ilikuwa imeiwekea `MtumbaUliorudi` rangi ya kijivu, maana yake ni klasi mfu: hakuna anayeiita popote katika mafaili yote. Nilikuwa na kidole juu ya kitufe cha kufuta. Kilichoniokoa ni ukaidi wa kutafuta jina hilo kama neno la kawaida, si katika msimbo bali katika folda nzima, na nikalikuta limeandikwa ndani ya faili la mipangilio, faili la maandishi matupu. Programu ilikuwa inasoma jina hilo wakati wa kuanza na kuiumba klasi kwa jina lake. Kwa zana haikuwepo. Kwa mkulima aliyerudishiwa mtumba wake ilikuwepo kila wiki.

Baada ya hapo niliacha kusoma nikaanza kutazama. Nilitengeneza nakala ya kanzidata, nikabadilisha majina na namba za simu za wakulima, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na mimi sitaki kuwa mfano wa mtu. Nikaweka kituo cha kusimamia kwenye dibaga, zana ya kuisimamisha programu katikati ya safari, nikaingiza mtumba mmoja wa kilo 62, nikauuza, nikaurudisha, nikauuza tena. Programu iliposimama, foleni ya metodi zilizoitana ilikuwa mbele yangu kutoka juu hadi chini, metodi tisa tu kati ya mamia. Hizo tisa ndizo nilizochora. Mauzo ya kwanza yalifutwa, bei ikarudi sifuri, lakini ushuru ulioingizwa siku ile ulibaki palepale, na mauzo ya pili yakakata mwingine mzima. Pembeni ya mstari wenyewe kulikuwa na maoni, yale maneno ya pembeni ambayo kompyuta huyaruka, ya herufi mbili:

`// JV`

Nilidhani ni herufi za jina la aliyeandika. Nikajisemea, bwana JV, umewaibia wazee wa watu.

Hapa ndipo wengi wetu tunapochukua nyundo. Kosa limeonekana, mstari umeonekana, futa. Nami ningefuta kama si jambo dogo la kuudhi: msimbo uliobaki ulikuwa safi mno. Mtu aliyeandika vile hakusahau ushuru. Ilikuwa siku ya tano. Nikaomba kujua nani alikuwa mhasibu wakati programu inaandikwa, nikaelekezwa kwa mzee mmoja mstaafu, Ng'ambo, hapa Tabora mjini.

Nilimkuta barazani anabangua karanga. Shikamoo, marahaba, kiti, maji ya kunywa. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akasema:

"JV ni jeno vocha, kijana wangu. Soko likishafungwa, kitabu chake hakiguswi. Huwezi kurudi ukafuta. Mtumba ukirudi, mimi nilikuwa naandika vocha ya kuurudisha ule ushuru, kwa mkono, kila Ijumaa. Yule kijana alitaka kompyuta ifanye, nikamkatalia. Pesa ya mkulima lazima mtu aweke sahihi."

"Na ulipostaafu, mzee?"

"Nilikabidhi ofisi. Funguo, mihuri, daftari. Hakuna aliyeniuliza Ijumaa nafanya nini."

Basi programu ilikuwa sahihi. Nusu yake ilikuwa kwenye Java na nusu kwenye mkono wa mzee, na nusu ya pili ilipokwenda kubangua karanga hakuna zana iliyowasha taa nyekundu.

Kuna mtu mkubwa katika fani hii ambaye angesema nilipoteza muda. Peter Naur, wa Denmark, aliandika mwaka 1985 kwamba programu ya kweli si maandishi, ni nadharia iliyomo vichwani mwa walioijenga. Wakitawanyika, programu imekufa, hata kama bado inakimbia. Mpaka hapo nakubaliana naye kwa moyo wote, na mzee wa Ng'ambo ni shahidi. Lakini Naur akaendelea: kuifufua kutokana na maandishi pekee hakuwezekani, kwa hiyo ni afadhali kikosi kipya kiyatupe maandishi ya zamani na kulitatua tatizo upya. Hapo namwachia njia. Kikosi kipya kingeandika programu mpya na kukata ushuru mara mbili vilevile, au kuufuta wote, kwa sababu habari za Ijumaa zisingewafikia. Kilichokosekana kilikuwa kusoma kwa kutosha kujua swali la kwenda kumuuliza mzee. Ni zile herufi mbili zilizonipeleka kwake.

Na watu wa Kigoma wana hoja yao dhidi ya Naur, nayo ni meli. Meli tunayoiita Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye maelfu ya makasha, ikaja kuungwa upya Kigoma na kuingia ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi isichukuliwe na adui. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina jipya. Wangeweza kuagiza mpya. Kilichofanya kuibua kuwe na maana ni kwamba mafundi waliokuwa wanaizamisha walizipaka injini zake grisi nzito kwanza. Waliiacha chini ya maji wakimfikiria atakayekuja. Herufi JV zilikuwa grisi. Kidogo sana, lakini grisi.

Sisemi kila programu inastahili kuibuliwa. Msimbo ukiwa umepotea kabisa, kazi inageuka. Faili la Java lililokwisha kutafsiriwa kwa ajili ya mashine linaweza kurudishwa likasomeka, maana majina ya klasi na metodi hubaki humo, ila maoni yote yamekwenda. JV yangu isingekuwepo. Ndiyo maana ningependa kila chama, kabla ya kulipa senti ya mwisho, kidai msimbo wenyewe pamoja na historia ya mabadiliko yake, si kidude cha kubofya tu. Na bajeti ya matunzo iwe na fungu la kusoma. Bennet Lientz na Burton Swanson waliuliza idara 487 za kompyuta katika utafiti waliouchapisha mwaka 1980, wakakuta kurekebisha makosa ni kama moja ya tano tu ya kazi ya matunzo. Sehemu kubwa zaidi ni kuongeza na kuboresha kwa sababu watumiaji wameomba. Hakuna anayeweza kuongeza chumba kwenye nyumba asiyojua nguzo yake iko wapi.

Siku hizi kuna akili bandia ya kukueleza msimbo. Naitumia, inaokoa muda wa kupanda na kushuka kisimani. Niliipa ile metodi baadaye, kwa udadisi. Ilinieleza vizuri mistari yote mitatu, kisha ikasema JV huenda ni herufi za mwanzo za jina la mwandishi. Tulikuwa wawili.

Marekebisho yalichukua nusu siku kama ankara ilivyosema: mtumba ukirudi, programu inaandaa vocha ya kurudisha ushuru na kuisubirisha mpaka mhasibu aipitishe, ili sahihi ya mtu ibaki kama mzee alivyotaka. Bodi ililipa siku sita kati ya nane za kusoma. Mbili walisema ni za mchoro wa ukutani, na sikuwa na la kubisha.

Juzi yule mjumbe kanipigia simu. Wana programu nyingine, ya stoo ya pembejeo, inatoa salio lisiloeleweka na aliyeiandika hajulikani alipo. Akaniuliza itanichukua siku ngapi kuisoma. Nikamwambia kwanza anitafutie namba ya aliyekuwa mtunza stoo.